Resho Haiwaki? Anza Kwenye Fishi

Kituo cha umeme wa maji cha Matebe kwenye Mto Rutshuru, mashariki mwa Kongo, kilianza kazi mwishoni mwa 2015, kikiwa na nguvu ya megawati 13 hivi. Tangu umeme wake uanze kuingia Goma, resho (jiko la umeme) imeingia jikoni kwetu na kupunguza kazi ya mbabula (jiko la makala), angalau kwa chai ya asubuhi na kupasha chakula cha jioni. Kila sufuria inayopikwa kwa umeme ni makala ambayo hayakununuliwa, na tunajua makala mengi ya mji huu yanatoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga. Kwa hiyo naumia nikiona resho nzima imetupwa kwenye takataka za mitaa ya Ndosho au Majengo kwa sababu ya sentimita mbili za waya ulioungua.

Resho nyingi zinazoitwa mbovu si mbovu. Kilichoharibika ni mahali umeme unapovuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine: kwenye misumari ya fishi (plagi), chini ya skurubu, pale waya unapounganishwa na rezistansi (waya unaowaka mwekundu). Kiungo kikilegea kinapata moto, kikipata moto kinazidi kulegea, hadi kinaungua. Anayeanza kwa kununua rezistansi mpya bila kutazama viungo ataiunguza hiyo mpya pia.

Kabla ya kushika bisibisi

Chomoa fishi kwenye prizi (soketi ya ukutani) na uiweke mahali unapoiona. Kuzungusha kitufe hadi sifuri hakutoshi. Fishi nyingi za misumari miwili huingia kwenye prizi kwa pande zote mbili, na kitufe hukata waya mmoja tu. Ikiwa kimekata neutro (waya wa kurudishia umeme), fazi (waya unaoleta umeme) bado iko kwenye rezistansi ikikungoja, hata kama resho imepoa na haionyeshi wekundu.

Subiri ipoe kabisa. Sahani ya udongo inatunza joto kwa muda mrefu kuliko inavyoonekana.

Na kuna desturi moja ambayo ningependa kila nyumba iwe nayo: umeme ukikatika wakati wa kupika, fishi itoke ukutani palepale, kabla hata ya kutafuta mshumaa. Delestaji (mgao wa umeme) inaanza saa mbili, watu wanalala, umeme unarudi saa nane usiku, na resho inawaka peke yake chini ya sufuria kavu. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao. Moto wa namna hiyo haumalizi nyumba moja, unapita kwa jirani na kwa jirani yake. Resho yenyewe iwekwe juu ya tofali au jiwe la volkano, mbali na ukuta wa mbao na pazia, kamwe isiwe juu ya meza ya plastiki.

Haiwaki kabisa

Jambo la kwanza ni kujua kama prizi ina umeme wa kutosha. Watu huchomeka chaja ya simu, wakiona inachaji wanasema prizi ni nzima. Hiyo si hoja. Chaja inavuta umeme kidogo sana, na hata kiungo kilichooza kinaweza kuupitisha. Resho ya wati 2000 kwenye volti 220 inavuta ampea 9 hivi, na hapo ndipo udhaifu wa prizi unapojitokeza. Jaribu resho kwenye prizi nyingine unayoijua kuwa imara, bila ralonji (waya wa kuongezea urefu), au jaribu pasi kwenye prizi unayoishuku. Ikiwa resho inawaka kwingine, tatizo liko ukutani: zima disjonkta (swichi kuu ya umeme), fungua prizi, tazama kama waya umelegea au plastiki imegeuka rangi ya kahawia. Prizi iliyogeuka kahawia hairekebishwi, inabadilishwa.

Ikiwa haiwaki popote, nenda kwenye fishi. Ishike, inuse. Fishi iliyopata moto kupita kiasi ina harufu kali ya plastiki iliyoungua, na misumari yake hubadilika kuwa myeusi. Ikiwa ni ile ya kuyeyushwa pamoja na waya, isiyo na skurubu, ikate uitupe. Ikiwa ina skurubu, ifungue. Mara nyingi utakuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi na zimekauka. Usikaze skurubu juu ya shaba nyeusi, maana haipitishi umeme vizuri na itaungua tena. Kata waya kurudi nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama utapoteza sentimita kumi. Menya ganda kidogo, sokota nyuzi zote pamoja zisibaki hata mbili nje, zizungushe kwenye skurubu kwa upande ule ule skurubu inakokazia, kisha kaza. Vuta waya kwa nguvu ya wastani. Ukitoka, haujakazwa. Hakikisha pia kile kibano cha ndani ya fishi kimebana ganda la nje la waya, ili mtu akivuta waya asivute viungo.

Baada ya wiki moja ya kupika, rudi ukaze tena. Shaba ni laini, ikipata joto na kupoa mara nyingi hulegea chini ya skurubu. Mafundi wengi hawasemi hivyo kwa mteja, lakini kukaza mara ya pili ndiko kunakofanya kazi idumu.

Fishi ikiwa safi, fuata waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiukunja polepole. Mahali palipo laini kupita kiasi, hasa pale waya unapoingia kwenye resho, huenda shaba imekatika ndani ya ganda. Kisha pindua resho, ondoa skurubu za chini, tazama viungo vya ndani. Ukiwa na multimita (chombo cha kupimia umeme), iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa misumari miwili ya fishi huku kitufe cha resho kikiwa kimewashwa na fishi ikiwa mkononi mwako, si ukutani. Rezistansi ya wati 1000 huonyesha karibu omu 48, ya wati 1500 karibu 32, ya wati 2000 karibu 24. Ikiwa multimita haionyeshi kitu, njia imekatika mahali fulani. Pima kipande kwa kipande: waya peke yake, kitufe peke yake, rezistansi peke yake. Kipande kisichojibu ndicho kilichokufa.

Inawaka lakini sufuria haichemki

Hapa wengi wanailaumu resho bure. Nguvu ya rezistansi inashuka haraka kuliko volti. Resho ya wati 1000 kwenye volti 220 ikipewa volti 180 inatoa wati 670 tu, na ikipewa 150 inatoa wati 465, chini ya nusu. Jioni kila jirani anapopika, volti hushuka, na hakuna fundi atakayekutibia hilo ndani ya resho. Njia ya kujua ni rahisi: pika saa moja jioni, kisha pika saa kumi alfajiri. Ikiwa alfajiri inawaka vikali, resho yako ni nzima.

Ila kuna kipimo kingine kinachofaa. Pima volti kwenye prizi resho ikiwa imezimwa, kisha pima ikiwa imewashwa. Zikishuka kidogo, ni kawaida. Zikishuka volti 20 au zaidi palepale, ujue kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea kati ya mita na jikoni. Katika parseli zetu ni kawaida nyumba tatu kugawana kashpower (mita ya kulipia kabla) moja kwa waya mrefu unaopita uani. Waya wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30 ukibeba resho ya wati 2000 unapoteza karibu wati 100 ndani yake, yaani unapasha moto ganda lake badala ya chakula chako. Kwa resho tumia 2.5, au angalau 1.5 kwa umbali mfupi. Na ralonji isiwe imeviringishwa wakati wa kupika, kwa sababu joto halipati pa kutokea.

Kuhusu maharagi, kuna jambo lisilohusu umeme kabisa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva kuliko yanavyochelewa kwa ndugu zetu wa Mombasa au Dar es Salaam, hata kwa resho mpya. Loweka usiku kucha, funika sufuria, au tumia kokoti ya presha. Kuongeza wati hakupandishi joto la maji yanayochemka.

Rezistansi imekatika

Kwenye resho za udongo zenye waya ulio wazi, kukatika kunaonekana kwa macho. Wengi huunganisha ncha mbili kwa kuzisokota, resho inawaka, wanafurahi. Furaha hiyo haidumu. Kiungo cha kusokota kinaota kutu ya joto na kukatika tena hapo hapo. Halafu kila unapokata na kuunganisha unaufupisha waya. Ukifupika unavuta umeme zaidi, unawaka mwekundu kupita kiasi, na maisha yake yanapungua. Kwa dharura ya siku moja nitakuelewa. Kwa kupika kila siku, badilisha.

1. Soma kibandiko cha resho ujue wati zake. Nunua rezistansi ya wati hizo hizo. Kuweka ya 2000 kwenye resho ya 1000 ni kuunguza waya, kitufe na fishi kwa pamoja.

2. Piga picha ya viungo kwa simu kabla ya kufungua chochote.

3. Toa ile ya zamani. Chukua uzi, uupitishe kwenye mfereji wa udongo kutoka mwanzo hadi mwisho, uukate. Huo ndio urefu unaoutaka.

4. Vuta rezistansi mpya polepole kwa ncha zake zote mbili mpaka ilingane na uzi. Mizunguko yote iachane sawasawa. Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, usiifanye ukiwa na haraka. Pale mizunguko inapogusana joto hujikusanya, na pale ilipovutwa kupita kiasi itapanda juu ya mfereji au kukatika.

5. Ilaze kwenye mfereji bila kuilazimisha. Isiinuke juu ya udongo mahali popote. Rezistansi iliyoinuka hugusa sufuria, na mwenye kukoroga bugali kwa mwiko wa chuma ndiye anayepigwa.

6. Ncha zake zikunje mara mbili na uzisokote ziwe nene, ili zisipate moto mkali zinapofika kwenye kiungo. Zibane kwa bolti na washa mbili za chuma au shaba nyeupe. Usitumie risasi ya kuunganishia redio, huyeyuka chini ya nyuzi 250. Usitumie domino (kiunganishi cha waya) ya plastiki wala skochi (utepe wa kunata), tumia domino ya kauri. Waya wa ndani ya resho uwe wenye ganda linalostahimili joto, la silikoni au la nyuzi za kioo, na pale unapokaribia udongo upitishwe ndani ya shanga za kauri.

7. Ijaribu nje, bila sufuria, kwa dakika chache. Wekundu uenee sawa. Ukiona mahali pamoja panang'aa kuliko pengine, chomoa, acha ipoe, sogeza mizunguko pale. Fanya hivyo ikiwa bado mpya. Waya uliokwisha kupika miezi huwa mgumu na hukatika ukiuvuta.

Inakupiga umeme

Ukigusa sufuria ukahisi mtetemo, acha kupika. Kisababishi cha kawaida ni uji au maji ya sombe yaliyofurika na kunywewa na udongo. Udongo uliolowa maji yenye chumvi hupitisha umeme hadi kwenye bati. Fungua resho, futa, iache juani siku nzima. Kama bado inapiga baada ya kukauka, tafuta pale waya unapoingia kwenye bati: ukingo wa bati hula ganda la waya mpaka shaba inagusa mwili wa resho. Kata sehemu hiyo na uweke mpira wa kulinda tundu. Kisha pima kwa multimita kati ya kila msumari wa fishi na bati. Isionyeshe kitu chochote.

Goma tuna ugumu wetu wa ziada. Kuzika chuma cha ardhi, kinachopeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye lava ni kazi, mwamba hauingiliki na hata ukiingia, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Nyumba nyingi zina prizi yenye pini ya ardhi isiyokwenda popote. Kwa hiyo kama una fedha ya kitu kimoja tu cha usalama, nunua disjonkta diferensieli ya miliampea 30. Inakata umeme mara unapopita mwilini mwa mtu, hata mahali ambapo ardhi ni dhaifu. Naiweka mbele ya mapambo yoyote ya jikoni.

Plaki ya chuma na plaki ya kioo

Resho yenye plaki nzito ya chuma mara nyingi ina termosta. Taa inazimika, mama mwenye nyumba anafikiri imeharibika, kumbe imefikia joto lililowekwa na itawaka tena yenyewe. Ni kawaida. Ikiwa haiwaki kwenye namba yoyote, angalia viungo kama hapo juu. Ikiwa inawaka kwenye namba fulani tu, ama kitufe kimeungua ndani, ama moja ya rezistansi za ndani ya plaki imekatika. Kitufe hubadilishwa, na plaki nayo hubadilishwa nzima kwa sababu haifunguliwi. Plaki iliyopasuka usiitumie. Kutu ya juu ikwangue, ipashe kidogo, kisha paka mafuta ya kupikia kwa kitambaa.

Plaki ya kioo ya indaksheni, inayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, ina sheria zake. Ikikataa kuwaka, chukua sumaku uguse chini ya sufuria: isiposhika, tatizo ni sufuria, na sufuria za aluminiamu za sokoni hazishiki. Volti zikishuka sana nayo hujizima. Safisha matundu ya feni, mende hupenda joto la humo. Zaidi ya hapo usiifungue, ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa fishi. Kioo kikipasuka, chomoa na usiimwagie maji.

Jiko la gesi

Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenye dari, inateremka na kulala sakafuni, inaingia kwenye shimo na chini ya kitanda. Mtu wa Goma aliyefundishwa tangu utotoni kuogopa mazuku (hewa ya sumu ya volkano) kwenye mabonde anajua tabia hiyo, tofauti ni kwamba mazuku inaziba pumzi na gesi hii inalipuka. Ukisikia harufu, funga chupa, fungua mlango na dirisha, na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Toa watu nje kwanza.

Kutafuta mvujo ni kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Paka povu kwenye kichwa cha chupa, kwenye detanda (regulata ya gesi), kwenye ncha mbili za mpira, kisha fungua chupa huku vitufe vya jiko vimefungwa. Povu likivimba, hapo ndipo. Fanya hivyo kila unapobadilisha chupa. Mpira uliopasuka au uliopita mwaka ulioandikwa juu yake unabadilishwa, haufungwi skochi. Detanda haifunguliwi nyumbani.

Moto ukiwa wa njano na sufuria inaota masizi, hewa haiingii vizuri. Toa kichwa cha jiko, kioshe kwa maji moto na sabuni, zibua matundu, kikaushe kabisa, kirudishe kikae sawa kwenye nafasi yake. Moto ukiwa dhaifu kwenye jicho moja tu, jikle lake (kitundu kidogo kinachotoa gesi) limeziba: lizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliotoa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka moto unakuwa mkubwa, wa njano, na gesi inaisha haraka. Majicho yote yakiwa dhaifu kwa pamoja, usihangaike na jikle. Chupa inaisha, mpira umekunjika, au detanda imechoka.

Jiko likiwaka na kuzimika mara unapoachia kitufe, shikilia kitufe sekunde kumi kwanza. Likiendelea, futa kwa kitambaa kikavu ncha ya kile kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto, na uhakikishe moto unakigusa. Kikiwa kimelegea chini ya jiko, kikaze kwa mkono.

Ukienda kununua vipuri Birere

Chukua na wembe. Kwangua uzi mmoja wa waya unaouziwa: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapata moto haraka na kukatika kwenye skurubu. Fishi iwe imeandikwa ampea 16, yenye misumari minene. Ile bapa ya misumari myembamba ni ya ampea 2.5, inafaa redio. Kwenye rezistansi tafuta maandishi ya wati na volti, na ikiwa hayapo, mwombe muuzaji apime omu mbele yako. Duka lisilo na multimita usiliachie pesa yako, vuka barabara uulize jingine.